Kaka alifukuzwa, bonde likafunguka: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya watengeneza waini

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha kweli, cha familia ya Kiitaliano iliyohamia Marekani ikaishia kutengeneza waini kwenye bonde la Napa, California. Toka baba anavuka bahari mpaka kampuni inatoka mikononi mwa watoto wa mtoto wake ni kama karne nzima. Majina ya watu, ya kampuni na ya lebo nimeyatoa yote, na miaka mingine nimeilegeza. Bonde nimelitaja kwa sababu waini ukiitenga na udongo wake haieleweki, na sheria za Marekani za wakati ule zinaingia moja kwa moja kwenye kilichotokea.

Watu wenyewe nitawaita hivi: Mzee, baba aliyeanzisha biashara. Mama, mke wake. Kaka, mtoto wa kiume mkubwa, huyu ndo mwenye kisa. Na Mdogo, anayemfuata, wamepishana mwaka na nusu tu.

Kisa hiki watu hupenda kukisimulia kishujaa, mtu kafukuzwa na ndugu zake, kaanza upya na miaka 52, kageuza waini ya nchi nzima. Yote kweli, na heshima yake nampa bila kubana. Ila mi naona sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile inayopitwa haraka: Mzee aliwagawia wanawe kazi lakini hakugawa mamlaka wala njia ya kuachana salama, na Kaka, ambaye jambo hilo lilimuumiza kuliko mtu yeyote, akaja kufanya vilevile kwa watoto wake mwenyewe.

Walikotoka

Mzee alitoka Italia ya kati mwanzoni mwa karne ya 20, akaenda Minnesota kwenye migodi ya chuma kama wenzake wengi. Mama akawa anapikia na kufulia wachimbaji waliopanga kwao. Baadaye Mzee akaacha mgodi akaingia kwenye biashara ndogo ndogo, na pengine angezeekea hapo hapo, ila mwaka 1920 marufuku ya pombe ikaanza nchi nzima.

Sasa ile sheria ilikuwa na mwanya. Mwenye kaya aliruhusiwa kutengeneza nyumbani juisi ya matunda mpaka galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757 hivi, na kila mtu alijua juisi hiyo ikikaa kwenye pipa inageuka nini. Familia za Kiitaliano kule kwenye migodi zikaanza kutafuta zabibu kwa udi na uvumba. Wenzake wakamtuma Mzee California akawanunulie, akaenda, akaona mashamba, akaona na hali ya hewa, na haikuchukua muda familia nzima ikahamia Lodi, Mzee akiwa mnunuzi na msafirishaji, zabibu zinapakiwa kwenye makasha ya mbao zinapanda treni kwenda mikoa ya baridi. Likizo zikifika watoto wa kiume ndo wanaogongelea misumari makasha hayo. Kaka tangu hapo alikuwa mtu wa kushindana, lazima awe amemaliza makasha mengi kuliko aliye pembeni yake, na mara nyingi aliyekuwa pembeni yake ni Mdogo.

Kitu kimoja kuhusu ile marufuku, maana bila hiki huwezi kuelewa kwa nini Kaka anaitwa mwanzilishi wakati waini California ilikuwepo toka karne ya 19. Marufuku ilidumu karibu miaka 14, mpaka Desemba 1933. Katika muda huo wakulima wengi waling'oa mizabibu mizuri, ile yenye ngozi nyembamba na mavuno kidogo, wakapanda aina zenye ngozi ngumu zinazovumilia safari ya treni, kama Alicante Bouschet. Kwa hiyo marufuku ilipoondolewa viwanda vilikuwa vimekufa, mizabibu ya maana imepungua, na mafundi wametawanyika au wamezeeka. Kilichokuwa kinauzika ni waini tamu zilizoongezewa spiriti, na ilichukua mpaka mwaka 1967 ndo waini kavu ya mezani, isiyo na utamu wa sukari, ikazipita hizo kwa mauzo Marekani. Ukisema mwanzilishi unamzungumzia mtu aliyekuta ujuzi umekatika, akaanza kuuunganisha upya.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Mwaka 1943 Kaka akasikia kuna kiwanda cha zamani bondeni, kimeanzishwa 1861, kinauzwa dola 75,000. Alishamaliza chuo kikuu, alishajifunza kemia ya waini, na alikuwa anasimamia kiwanda kidogo cha jirani kinachotoa waini ya jumla. Akaenda kwa Mzee. Mzee akakataa, hakuwa mtu wa kupenda makubwa, akaenda kulala. Usiku ule Mama akaongea naye. Asubuhi Mzee akakubali, kwa sharti moja tu, kwamba watoto wake wawili wafanye kazi pamoja.

Hilo sharti lishike vizuri.

Kazi zikagawanywa kwa tabia zao. Kaka muongeaji, msafiri, akapewa usimamizi na mauzo. Mdogo mtulivu, mtu wa maabara, akapewa kutengeneza waini, na tusimdharau hapa, maana simulizi nyingi zinamfanya aonekane kama kikwazo tu. Mdogo ni kati ya watu wa mwanzo bondeni kuchachusha waini nyeupe kwa baridi. Hamira inapokula sukari inatoa joto, na joto likizidi harufu yote ya tunda inapotelea hewani, kwa hiyo unapoza tangi, uchachu unaenda taratibu, wiki badala ya siku chache, harufu inabaki kwenye waini. Kaka alikuwa anauza vizuri kwa sababu kulikuwa na kitu kizuri cha kuuza.

Kwa miaka 16 mpango huo ukafanya kazi. Ugomvi ulikuwepo, lakini Mzee akiwepo, anasema neno moja jioni, yanaisha. Hakuna karatasi, hakuna kikao, ni Mzee tu. Mwaka 1959 akafariki.

Mama akawa mwenyekiti wa kampuni. Mama huyu alikuwa mtu wa jiko na watoto, anayewapenda wote wawili, na sasa anatakiwa aamue kama kampuni inunue mapipa ya Ufaransa. Kaka anataka kupandisha bei, kusafiri, kukaribisha waandishi na wenye mahoteli, kubadilisha vifaa. Mdogo anaona hela zinaisha kwenye chakula cha wageni wakati madeni yapo na kiwanda kinahitaji matengenezo. Kaka naye akaanza kulalamika kwamba baadhi ya waini zinatoka hazijakaa sawa, yaani anasema muuzaji lakini anayesikia ni fundi, na fundi huyo ni ndugu yake.

1962 Kaka akaenda Ulaya. Kule akaona kitu ambacho hakikumtoka tena: nyumba kubwa za waini za Bordeaux na Burgundy, mikoa ya Ufaransa, zinalea waini kwenye mapipa mapya ya mwaloni, madogo, la Bordeaux linabeba lita 225. Pipa dogo lina mbao nyingi kwa kila lita kuliko tangi kubwa, waini inachukua ladha ya mbao na hewa inapenya kidogo kidogo mpaka ukali unalainika. Kwao California ilikuwa matangi makubwa ya zamani ya mti wa redwood. Akarudi anaamini bonde lao linaweza kutoa waini ya kukaa meza moja na ya Wafaransa. Nyumbani wakaona anaota.

Halafu likaja lile koti. Kaka na mkewe walialikwa Ikulu ya Marekani, White House, na kwa ajili ya mwaliko huo likanunuliwa koti la manyoya la bei kubwa. Miaka miwili hivi ikapita. Mwaka 1965 kwenye mkusanyiko wa familia maneno yakarudi pale pale, Mdogo akauliza hela ya koti ilitoka wapi, maana yake umeichota kwenye kampuni. Kaka akamtaka afute kauli. Hakufuta. Kaka akampiga, akampiga tena, mbele ya ndugu. Na baada ya hapo hakuna aliyetoa mkono.

Mama na wanahisa wengine wakampa Kaka likizo ya lazima ya miezi 6, na likizo ikageuka kufukuzwa. Lakini kilichomvunja zaidi ni kuambiwa kwamba hata mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa anakaribia kumaliza chuo, hatapewa kazi pale. Kwa mtu aliyefanya kila kitu akijiambia anajengea watoto, hapo mlango ulikuwa umefungwa.

Maamuzi na sababu zake

Angeweza kukaa na hisa zake asubiri gawio. Angeweza kwenda mahakamani siku ile ile. Alichofanya ni kukopa, kuchukua marafiki wawili wakulima wa zabibu wawe washirika, na mwaka 1966 kuanza kiwanda chake kilomita chache kusini mwa kile cha nyumbani, kando ya shamba ambalo wazee wa bonde walijua toka karne ya 19 kwamba linatoa zabibu nyekundu bora. Kilikuwa kiwanda kikubwa kipya cha kwanza bondeni toka marufuku iondolewe. Msimu wa kwanza walikamua zabibu jengo halijaisha, zege bado bichi sehemu nyingine. Mtoto wake wa kwanza akafanya kazi naye toka siku ya mwanzo, na hiyo ndo ilikuwa sababu yenyewe.

Jengo lenyewe lilikuwa uamuzi wa biashara. Lina tao kubwa na mnara unaoonekana kutoka barabarani, limejengwa kwa ajili ya mgeni aingie. Wakati huo watu wengi walijua waini kama kitu cha chupa ya galoni, kwa hiyo Kaka akawatembeza, akawaonjesha, akaleta muziki wa kiangazi uwanjani, baadaye na wapishi wakubwa wa Ufaransa kufundisha. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu hawezi kulipia tofauti asiyoijua, basi kwanza mfundishe.

Mfano mzuri ni Sauvignon Blanc. Zabibu hiyo ilikuwa imechafuka jina California, watu wanaijua kama kitu kitamu kisicho na mbele wala nyuma. Kaka akaitengeneza kavu, akailea kidogo kwenye mwaloni, akaipa jina jipya lenye sauti ya Kifaransa, ikauzika sana. Sasa mwanasheria yeyote angemwambia sajili jina hilo liwe lako. Hakusajili. Akaacha kila mtu bondeni alitumie, akisema wote wakitengeneza vizuri zabibu itapanda hadhi na yeye atapanda nayo. Huo ndo ulikuwa msimamo wake kwenye karibu kila kitu, majaribio ya mapipa, ya joto, ya uchujaji, matokeo anayaweka mezani kwa majirani.

Na mafundi alioajiri walikuja wakajifunza wakaondoka. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliandaa uonjaji Paris, majaji Wafaransa, chupa zimefichwa majina. Nyekundu iliyoshika namba moja ilitoka Napa, nyeupe iliyoshika namba moja ilitoka Napa. Waini ya Kaka haikuwemo kwenye mashindano. Ila aliyeanzisha nyumba ya ile nyekundu na fundi wa ile nyeupe, wote wawili walikuwa wamefanya kazi kwenye kiwanda chake.

Kesi alikuja kuifungua baadaye, miaka ya 70. Hakuwa na haraka ya kumshtaki mama yake, lakini hisa zake za kampuni ya familia zilikuwa zimekwama, hauzi kwa bei ya haki na hana sauti, huku kiwanda chake kipya kikiwa kimeuza sehemu kubwa kwa kampuni ya bia ili kipate mtaji. Mama alifariki 1976, wiki chache tu kabla ya hukumu. Jaji akampa Kaka haki. Makubaliano ya mwisho yakafungwa 1978, akapata fedha na mashamba, na akatumia nafasi hiyo kuwanunua wale wa bia na kurudisha kampuni yote mikononi.

Kutoka hapo mambo yakaenda kasi. Ubia na moja ya nyumba kubwa kabisa za Bordeaux, nusu kwa nusu, mavuno ya kwanza 1979, waini moja ya bei ya juu ambayo Marekani ilikuwa haijawahi kuona kutoka kwao wenyewe. Wakati huo huo akanunua kiwanda karibu na Lodi, kule kule alikogongea makasha, kwa ajili ya waini ya bei nafuu ya kila siku. Ile ya juu ilileta sifa, hii ya chini ikaleta hela, tena hela nyingi kuliko watu walivyodhani.

Mdudu wa mizizi na soko la hisa

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kona ya kisa kizima, na wasimuliaji wengi wanaitaja kwa sentensi moja.

Filoksera ni mdudu mdogo sana anayenyonya mizizi ya mzabibu. Asili yake Amerika Kaskazini. Karne ya 19 alivuka kwenda Ulaya akateketeza mashamba ya Ufaransa na kwingine, na dawa iliyopatikana ni kupandikiza mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Kiamerika ambao mizizi yake inamvumilia. Napa wengi walitumia shina linaloitwa AXR1. Lilipendekezwa na wataalamu, linashika udongo wa aina nyingi, linazaa sana. Tatizo, ni chotara, nusu yake ni mzabibu wa Ulaya, na kwenye nchi nyingine lilishaonekana kushindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 ikagundulika bondeni aina ya filoksera inayolila. Kuanzia hapo ni suala la muda tu, shamba linanyauka kutoka doa moja, mwaka unaofuata doa limekuwa duara kubwa, na huna cha kupulizia.

Kung'oa na kupanda upya ni gharama kubwa kwa kila ekari, halafu mzabibu mpya unakula miaka 3 hivi kabla haujakupa mavuno ya kwanza ya maana. Yaani matumizi yanapanda wakati uleule mapato ya shamba hilo ni sifuri. Familia yenye mashamba mengi na madeni juu yake inafanyaje? Mwaka 1993 wakapeleka kampuni soko la hisa.

Walijilinda. Hisa za familia zilikuwa za daraja lingine, kila moja kura 10, za umma kura moja. Kwa hiyo kwenye karatasi usukani ulibaki nyumbani. Ila kuanzia siku ile kulikuwa na ripoti kila miezi mitatu, na mzabibu hauna habari na miezi mitatu. Mwekezaji anataka mauzo yakue mwaka huu, na kinachokua haraka ni ile waini ya bei nafuu, basi jina la Kaka likazidi kusomeka kwenye chupa za supermaketi mpaka wanunuzi wa chupa za juu wakaanza kujiuliza wanalipia nini.

Ndani ya nyumba, Kaka alikuwa amewapa watoto wake wawili wa kiume kampuni waiendeshe pamoja, mkubwa upande wa biashara, anayemfuata upande wa waini. Unaona? Ni mpango wa Mzee neno kwa neno. Mkubwa anataka kupanuka, mdogo wake anataka ubora kwanza, na baba yuko juu yao anawakosoa wote wawili, hata mbele za watu.

Matokeo

Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 mambo yalijikusanya. Zabibu zilizidi sokoni, mradi kwenye bustani kubwa ya burudani California ukafeli, mpango wa kupanda kwenye mlima wa kijiji kimoja kusini mwa Ufaransa ukakataliwa na wanakijiji, bei ya hisa ikashuka. Kaka naye alikuwa ametoa ahadi kubwa za michango, dola milioni 35 kwa chuo kikuu peke yake, na zaidi ya milioni 20 kwa kituo cha utamaduni wa chakula na waini kilichofunguliwa 2001. Mali yake ilikuwa hisa, kwa hiyo bei ikishuka ahadi inabaki ileile na mfuko unapungua. Hilo likawabana watoto, na likawapa watu wa nje kwenye bodi nguvu ya kusema.

Mwaka 2004 bodi ikamsogeza mtoto mkubwa pembeni, mwaka huohuo familia ikaachia zile kura 10 kwa hisa, na kabla mwaka haujaisha kampuni kubwa ya vinywaji ikanunua kila kitu kwa zaidi ya dola bilioni 1. Kwa hesabu ya fedha familia ilitoka tajiri sana. Kwa hesabu ya Kaka mwenyewe, aliyeanza 1966 ili mwanae awe na pa kufanyia kazi, kiwanda hakikuvuka hata kwenda kwa wajukuu.

Kile kituo cha utamaduni kilifungwa 2008, mwaka ambao Kaka alifariki akiwa na miaka 94. Idara ya waini ya chuo inaendelea.

Kabla hajafa, 2005, yeye na Mdogo walitengeneza waini pamoja kwa mara ya kwanza toka ule ugomvi, pipa moja tu, zabibu za pande zote mbili za familia, ikauzwa kwenye mnada wa hisani wa bonde kwa zaidi ya dola 400,000. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni ule uamuzi wa kutoficha ujuzi. Nauweka juu ya vyote, juu hata ya mapipa na ubia wa Bordeaux. Mwaka 1966 mteja wa Marekani alikuwa hajui kama Napa ipo, na kiwanda kimoja kizuri kisingembadilisha mawazo. Vikiwa 20 vizuri, vinabadilisha. Kaka aliona mapema kwamba mshindani wake wa kweli hakuwa jirani, alikuwa ile dhana kwamba waini nzuri lazima itoke Ulaya. Kwa hiyo kila fundi aliyeondoka kwake akaenda kufanya vizuri alikuwa anamsaidia hata bila mshahara. Hili halifanyi kazi popote, angalizo. Linafanya kazi pale soko lenyewe bado halijaumbwa. Mwaka 2000 bonde lilishajaa na mapipa ya Ufaransa kila mtu anayo, ukarimu ule ule haukumpa tena cha ziada, na sioni kama kuna mtu alikaa akauliza sasa tunatofautiana na wengine kwa lipi.

Kuanza upya na miaka 52 kulifanya kazi pia, lakini tuseme ukweli wake wote: alianza na miaka zaidi ya 20 ya kujulikana na kila mkulima na kila mwenye hoteli, na alianza na washirika waliokuja kumiliki kuliko yeye. Miaka 12 hivi alifanya kazi kwenye nyumba yenye jina lake akiwa hana usemi wa mwisho. Anayetaka kumuiga asome na hiyo sehemu.

Kilichoshindikana kilianza 1943, kwenye sharti la Mzee. Kuwaambia wanao "mfanye kazi pamoja" ni agizo la upendo, silaumu. Ila halisemi wakitofautiana nani anaamua, na halisemi mmoja akitaka kutoka anatoka na nini. Mzee alikuwa jibu la swali la kwanza yeye mwenyewe, kwa hiyo alipokufa swali likabaki bila jibu, likamwangukia Mama, mtu ambaye kila uamuzi wake ulikuwa lazima umuumize mtoto mmoja. Angekuwepo hata mtu mmoja wa nje anayeheshimiwa na wote, tuseme mhasibu au mkulima rafiki wa Mzee, akae kwenye kikao na awe na kura, suala la mapipa lingejadiliwa kama suala la mapipa. Badala yake likawa suala la nani anapendwa, na likatokea kwenye koti.

Kuhusu koti, watu wanapoteza muda kuuliza lilinunuliwa na hela gani. Kampuni ambayo matumizi ya wakurugenzi wake hayana kikomo kilichoandikwa itapata koti lake mapema au kwa kuchelewa. Swali la maana ni kwamba Kaka hisa zake zilikuwa chache na hakukuwa na kanuni ya kuzithamini wala ya kuzinunua. Kwa hiyo ndugu wawili wasiosemezana wakabaki wamefungwa kwenye kampuni moja zaidi ya miaka 10, mpaka jaji akawafungua. Kifungu kimoja cha mkataba, kinachosema anayetoka anathaminiwa na mtu huru na analipwa kwa miaka kadhaa, kingeokoa miaka hiyo yote na pengine kingemwacha Mama afe akiwa anaongea na wanawe wote.

Na watoto wa Kaka? Hapa ndo napata uchungu, kwa sababu yeye aliyajua yote haya kwa ngozi yake. Akawapa wawili cheo kimoja, akabaki juu yao kama Mzee, tena Mzee asiyekaa kimya. Nadhani aliamini tatizo la kwanza lilikuwa watu, Mdogo mgumu, Mama kaegemea upande, na kwa watoto wake watu ni tofauti basi mambo yatakuwa tofauti. Muundo haukubadilika hata kidogo. Soko la hisa halikuleta ugomvi, liliukuta. Ila liliweka mezani watu ambao ugomvi wa ndugu kwao ni sababu ya kuuza, wakati zamani ulikuwa ni sababu ya kumwita Mama.

Je, 1993 kulikuwa na njia nyingine? Kulikuwa nazo, zote chungu. Kuuza baadhi ya mashamba, kupunguza ukubwa, kupanda upya polepole kwa miaka mingi. Kaka hakuwa mtu wa kupunguza, na hicho hicho ndo kilichomtoa kwenye makasha ya Lodi.

Upande wa Mdogo ndo unanipa kazi kila nikikipitia kisa hiki. Baada ya 1978 alibaki na kiwanda cha 1861, deni la kumlipa ndugu yake, na sifa ya aliyeshindwa kesi. Filoksera ilimpata naye kama ilivyowapata wote. Hakuenda soko la hisa. Alipanda upya kwa kujibana, miaka mingi waini yake haikuandikwa popote, na watoto wake wawili wa kiume wakaingia kazini humo humo. Alifariki 2016 akiwa na miaka 101, na kiwanda kikabaki kwa familia. Aliyebadilisha bonde na aliyebaki na nyumba ni watu wawili tofauti, na kila mmoja alikosa kile ambacho mwenzake alikipata kwa kukubali hasara ambayo yeye hakuwa tayari kuibeba.